Rangi ya Kucha Ingoje Kwanza

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Leo sina sungura wala fisi. Nina chupa ndogo ya rangi nyekundu, msichana wa miaka sita aliyeitamani, na watu wazima watatu walioshindwa kukubaliana juu yake. Sikilizeni vizuri, kwa maana katikati ya hadithi nitawapa kazi ya kufanya kwa vidole vyenu wenyewe, na mwishoni nitasema bila kuzunguka ninavyoona mimi.

Boma lenyewe liko juu ya Runyenjes, Kaunti ya Embu, pale mashamba ya kahawa yanapokaribia kukutana na ya majani chai. Ilikuwa likizo ya Desemba. Shangazi, ambaye ni msusi katika saluni moja Meru mjini, alikuwa amekuja kwa Krismasi. Alipanda matatu asubuhi, akapita Nkubu na Chogoria, akapita Chuka, akateremka bonde la mto Thuchi na kupanda ng'ambo ya pili, na jua la utosi likamkuta anashusha mizigo: mkate, sukari, leso ya Shosho, na kipochi chenye chupa tatu za Cutex. Wengi wetu huita hivyo rangi yoyote ya kucha, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine.

Kucha za Shangazi zilikuwa nyekundu, zinang'aa. Msichana alizitazama wakati wa chai, akazitazama wakati wa kumenya viazi, mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Shangazi, nipake na mimi."

Shangazi akacheka, akafungua kipochi. Shosho akaweka kikombe chini.

"Hapana! Mtoto huyu? Kucha zake zitakosa hewa, zitaoza."

"Mama, ni mchezo tu wa Krismasi," Shangazi akajibu kwa upole. "Wiki ijayo itakuwa imetoka yote."

Mama wa msichana hakusema kitu. Alikuwa amempakata kaka mdogo wa miaka miwili, aliyekuwa akinyonya kidole gumba, na alionekana kuwa na wasiwasi ambao hakujua aanze vipi kuusema mbele ya mama mkwe na wifi.

Mabishano ya namna hii mmeyasikia pia kwenu, iwe mnakaa Manyatta au Siakago, Maua au Timau. Kila mtu ana lake. Basi ili tuamue vizuri, tusiangalie nani ni mkubwa wala nani ana sauti ya juu. Tuianze kazi na kucha yenyewe, kisha tuiangalie rangi yenyewe.

Kucha ni kitu gani?

Kucha imeundwa kwa keratini, protini ile ile iliyo kwenye nywele zako, kwenye kwato za ng'ombe na kwenye pembe za mbuzi. Sehemu unayoiona haina uhai, ndiyo maana ukiikata husikii maumivu. Sehemu iliyo hai ni shina la kucha, nalo limejificha chini ya ngozi. Tazama kidole gumba chako. Huenda ukaona kipande cheupe chenye umbo la mwezi mchanga pale kucha inapoanzia. Huo ni ukingo wa shina hilo, unachungulia nje. Hapo chembe mpya huzaliwa kila siku, zikazisukuma za zamani mbele, nazo zikakauka na kuwa ngumu.

Chembe hizo hai hupata oksijeni kutoka kwenye damu. Hewa ya nje hazihitaji. Kwa hiyo Shosho alikosea aliposema kucha zitakosa hewa. Lakini msimcheke Shosho. Mtu anaweza kukosea sababu na bado akawa amepatia jambo, kama mtakavyoona.

Kucha hukua kwa kasi gani? Alikuwepo daktari mmoja Marekani aitwaye William Bean. Mwaka 1941 alichukua tupa ndogo, akakwaruza mstari kwenye kucha ya gumba lake la kushoto, pale inapotokea kwenye ngozi. Kisha akangoja, akihesabu siku mpaka mstari ule ufike nchani. Mwezi uliofuata akakwaruza mwingine. Aliendelea hivyo kwa miaka 35, bila kuchoka. Alipokuwa na umri wa miaka 32, kucha yake ilikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika miaka 67, ilikua milimita 0.095. Mwili ulikuwa umezeeka, na kucha ikasema hivyo.

Kwa kawaida kucha ya mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hujibadilisha nzima kwa muda wa miezi sita hivi. Ya mguu huenda polepole zaidi: mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mtu akiugua sana, shina la kucha hupunguza kazi, na baada ya wiki kadhaa mfereji mdogo wa kukingama huonekana juu ya kucha, ukisogea mbele kadiri siku zinavyopita. Daktari Mfaransa Joseph Beau alieleza mifereji hiyo mwaka 1846, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ukumbukeni mwaka huo, tutaurudia.

Sasa ile kazi niliyowaahidi. Nyosha mkono. Kwa gumba la mkono mwingine, bonyeza kucha ya kidole cha kati, hesabu mpaka tano, uachie. Umeona? Kucha ilipauka, na sasa rangi ya waridi inarudi. Mpaka useme "moja, mbili" imekwisha kurudi yote. Rangi hiyo ya waridi ni damu yako, inayopita katika mishipa myembamba sana chini ya kucha. Ulipobonyeza uliisukuma kando, ulipoachia ikarudi mbio.

Wahudumu wa afya wanaotibu watoto nchini Kenya hufundishwa kufanya hivyo hivyo. Mtoto mgonjwa akiletwa, mhudumu humbonyeza ncha ya kidole kisha huhesabu. Damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, hujua haizunguki vizuri, na mtoto huyo hawezi kungoja foleni. Mtihani huo hauhitaji umeme wala mashine. Unahitaji jicho, kidole, na kucha isiyofunikwa.

Kucha, watoto wangu, ni dirisha la mwili. Asubuhi ya Julai, ukungu wa Mlima Kenya umeshuka na maji ya bomba yanauma, kucha zako zinaweza kugeuka rangi ya samawati. Ukiota moto zinarudi waridi, hakuna neno. Lakini mtoto aliyefunikwa blanketi, anayepumua haraka haraka, na kucha na midomo yake imekuwa ya samawati, huyo oksijeni haimtoshi. Huenda ni nimonia, na hospitali ni sasa hivi. Mtoto mwingine kucha zake, viganja vyake na sehemu ya ndani ya kope zake vimepauka. Huenda amepungukiwa na damu. Labda ni malaria, ambayo husumbua zaidi sehemu za chini zenye joto kama Mbeere na Tharaka. Labda ni safura, minyoo wanaonyonya damu tumboni.

Hospitalini kuna pia kifaa kidogo kinachobana ncha ya kidole na kuonyesha namba. Hupitisha mwanga mwekundu, pamoja na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, ndani ya kidole, kisha husoma kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye damu. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni njia hiyo miaka ya 1970. Rangi nzito ya kucha, hasa nyeusi na ya samawati, inaweza kukivuruga kifaa hicho. Ndiyo maana watu wanaokwenda kufanyiwa upasuaji huambiwa wafute Cutex kwanza.

Ndani ya chupa mna nini?

Sasa tuurudie mwaka 1846. Huko Basel, Uswisi, mwanakemia Christian Friedrich Schönbein alikuwa akifanya majaribio ya pamba na asidi. Husimuliwa kwamba siku moja asidi ilimwagika jikoni, akaipangusa kwa aproni ya pamba ya mkewe, akaianika karibu na jiko ikauke. Ilipokauka ikalipuka, puu! Aproni haikuonekana tena. Kisa cha aproni huenda kimetiwa chumvi, lakini kitu alichokipata ni cha kweli: pamba ikichovywa katika asidi fulani hugeuka nitroselulosi, kitu kinachowaka kwa kasi ya ajabu. Pamba hiyo ni ile ile tuijuayo, inayolimwa hata sehemu za chini za Mbeere na Tharaka.

Baadaye watu waligundua kwamba nitroselulosi ikiyeyushwa katika kimiminika chenye harufu kali, kisha ikapakwa na kuachwa ikauke, huacha utando mgumu unaong'aa. Katika miaka ya 1920 walipaka magari kwa rangi ya namna hiyo. Na kwenye kucha? Kampuni ya Cutex ya Marekani ilianza kuuza rangi ya maji ya kucha karibu mwaka 1917. Mpaka leo rangi nyingi za kawaida za kucha hujengwa juu ya nitroselulosi. Basi mwaka ule ule Beau alipokuwa anatufundisha kuisoma kucha, Schönbein alikuwa anakifikia kitu ambacho siku moja kingeifunika.

Harufu unayoisikia chupa ikifunguliwa ni ya viyeyusho vinavyoruka hewani rangi inapokauka. Ukivivuta kwa wingi katika chumba kilichofungwa, kichwa huuma na kizunguzungu huja. Mwili wa mtoto ni mdogo, na kwa uzito wake mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, kwa hiyo kipimo kisichomsumbua mama kinaweza kumsumbua mwanawe. Baadhi ya rangi hutiwa toluini. Huko Ulaya sheria inataka chupa ya rangi ya kucha yenye toluini iandikwe kwamba iwekwe mbali na watoto na itumiwe na watu wazima pekee. Fikirini juu ya hilo. Nchi zinazoiruhusu dawa hiyo kwa akina mama zimeona ni lazima ziandike kwenye chupa kwamba watoto hawamo.

Kuna pia ile inayoitwa jeli, ambayo haikauki mpaka uweke vidole chini ya taa maalumu. Jeli ikigusa ngozi kabla haijakaushwa vizuri inaweza kuleta mzio wa kudumu: vidole vinawasha, vinavimba, vinapasuka. Na mzio huo ukishaingia hautoki. Unaweza kumsumbua mtu hata akiwa mtu mzima, siku daktari wa meno atakapotaka kutumia vitu vya jamii hiyo hiyo kumziba jino. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali iitwayo TPO, iliyokuwa ikitiwa katika jeli nyingi, kwa kuhofia madhara yake kwa uzazi. Kwa hiyo jeli na kucha za kubandika zisimkaribie mtoto hata kidogo.

Na chupa za soko je? Siku ya soko, Embu mjini au Gakoromone kule Meru, utaziona zimepangwa juu ya turubai, za kila rangi, bei ya chini. Nyingine zina alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Nyingine hazina alama wala maandishi ya kusema kilichomo. Chupa isiyosema kilichomo huwezi kujua umempaka mtoto nini.

Hatari zinazokaa nyumbani

Ya kwanza ni mdomo. Watoto wadogo hunyonya vidole, hutafuna kucha, hula ugali kwa mkono. Rangi ikianza kubanduka, vipande huenda tumboni. Kaka mdogo wa kwenye hadithi yetu alikuwa na gumba mdomoni saa zote, na dada yake ndiye aliyekuwa akimlisha ndizi kwa vidole vyake.

Ya pili ni kunywa. Chupa ni ndogo, ya rangi ya kuvutia, na kwa mtoto wa miaka miwili hufanana na soda. Dawa ya kutolea rangi, yaani asetoni, ni mbaya zaidi, kwa sababu watu huimimina ovyo kwenye chupa za maji. Mdogo wako akinywa, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa wala mafuta kwa kubahatisha. Mwite mtu mzima mara moja, mchukue chupa yenyewe, mwende hospitali iliyo karibu, ili daktari ajue ni kitu gani.

Ya tatu ni moto. Mmekwisha kusikia habari ya pamba ya Schönbein. Rangi ya kucha na asetoni hushika moto upesi, na mvuke wake hutambaa bila kuonekana. Katika nyumba yenye jiko la makaa, kuni za mafiga au taa ya kibatari, kupakana rangi jikoni wakati wa baridi ni jambo la hatari sana.

Ya nne ni uchafu. Mtoto wa shamba hushika udongo. Hucheza bano, huchimba viazi, huokota makadamia chini ya mti. Chini ya kucha huingia udongo, na ndani ya udongo huweza kuwemo mayai ya minyoo. Kucha tupu humwonyesha mama ule mstari mweusi, naye huita, "Njoo nikukate kucha." Kucha iliyopakwa rangi nzito huuficha. Na mtoto aliyezoea rangi hutaka kuzifuga ziwe ndefu, apendeze zaidi, na minyoo hupata pa kujificha.

Ya tano ni kucha yenyewe. Kucha za mtoto ni nyembamba na laini. Asetoni huzikausha, na mtoto hana subira: rangi ikianza kubanduka huikwangua kwa meno, ikatoka na tabaka la juu la kucha.

Mapambo si dhambi

Nisije nikaeleweka vibaya. Kupenda kupendeza ni jambo jema na la zamani. Mababu wa Waembu na Wameru walijipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya nyonyo, wakavaa shanga, ngozi na bangili za chuma. Mchoraji Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, alipewa kazi ya kuchora watu wa jamii za Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, na katika michoro yake mnaweza kuona jinsi mapambo yalivyokuwa ya fahari. Lakini tazameni jambo moja: pambo lilifuata rika. Alichovaa mtoto hakikuwa alichovaa kijana, na alichovaa kijana hakikuwa alichovaa mama mwenye watoto. Mtu alipolivaa pambo lake kwa mara ya kwanza, boma zima lilijua amefika mahali papya. Mtoto aliyepewa yote mapema alinyimwa furaha hiyo.

Pwani, na hata hapa jirani Isiolo kwa ndugu zetu Waislamu, kuna hina. Hina ni majani yaliyosagwa. Haiweki utando juu ya kucha. Rangi yake huingia ndani ya keratini na kukaa humo mpaka kucha ikue na kukatwa. Kwa sababu haizuii maji kufika kwenye kucha, mtu anaweza kutawadha akiwa nayo, jambo ambalo kwa Cutex ni shida. Siku za Idi watoto wengi hupakwa. Hata hivyo hina nayo ina masharti yake. Asipakwe mtoto mchanga, kwa sababu wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na damu yao inaweza kuharibiwa na hina. Na ile nyeusi inayoitwa piko mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi; imewababua watu wengi ngozi na kuwaachia makovu. Piko na mtoto wasikutane.

Walivyoamua Runyenjes

Turudi kwenye boma letu. Tuliwaacha Shosho na Shangazi wakibishana na Mama amenyamaza. Mwishowe Mama akasema.

"Mwaka jana huyu mdogo alipougua kifua, tulifika hospitali usiku. Muuguzi alimbonyeza kucha kabla hata hajaniuliza jina lake. Akatazama, akaita daktari. Tangu siku ile mimi nikiamka usiku huwa natazama kucha za watoto wangu. Sitaki zifunikwe."

Nyumba ikatulia. Shangazi akakifunga kipochi. Akasema kwamba hata yeye kule saluni hufungua madirisha yote, na siku ya wateja wengi jioni humkuta na maumivu ya kichwa. "Sikuwahi kufikiria harufu ile ikiingia katika kifua kidogo hivi," akasema. Shosho naye akakubali kusahihishwa juu ya kucha na hewa, na kwa kuwa yeye ni mtu mzima mwenye busara, hakuona haya.

Lakini msichana alikuwa amekwisha kujaa machozi. Kumwambia mtoto "hapana" kisha kumwacha hapo ni nusu ya kazi. Shangazi alilijua hilo. Akaomba maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akatia sabuni kidogo, akaketi kwenye kigoda, akaichukua mikono ya msichana akailoweka. Akazisugua kucha kwa brashi laini mpaka ule mstari mweusi ukaisha. Akazikata fupi kwa kikata kucha, akafuata umbo la kidole, akazilainisha kwa tupa ili zisikwaruze. Akapaka mafuta kidogo kila kucha, akaipitisha leso mpaka zikang'aa. Alimfanyia kila kitu anachowafanyia wateja wake Meru, isipokuwa rangi. Msichana aliinyosha mikono akaitazama pande zote mbili, kisha akakimbia kumwonyesha baba shambani.

Nadhani alichokitamani tangu mwanzo hakikuwa kile chekundu. Alitaka Shangazi aishike mikono yake na kuiona kuwa inastahili kutunzwa.

Ninavyosema mimi

Sasa natimiza ahadi, niseme wazi.

Mtoto ambaye hajaanza shule asipakwe rangi ya kucha kabisa. Vidole vyake viko mdomoni, hawezi kusema kichwa kinamuuma, na akiugua anahitaji dirisha lake liwe wazi. Hakuna sherehe inayolipia hatari hiyo.

Mtoto wa shule ya msingi asiizoee. Shule nyingi za Embu na Meru haziiruhusu, na mwalimu anayekagua kucha Jumatatu kwenye gwaride ana sababu: anatazama usafi, na anataka mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wa majani chai wakae dawati moja bila mmoja kujiona mdogo. Iwapo wazazi wamekubali, na ni harusi au sikukuu, basi apakwe na mtu mzima, nje kwenye upepo, mbali na moto, rangi ya kawaida yenye alama ya ubora, kwenye kucha za miguu badala ya za mikono, na ifutwe sikukuu ikipita. Akiwa mgonjwa, isipakwe. Akishavunja ungo au kubalehe, ataanza kujiamulia mengi, na hili litakuwa moja, kwa kushauriana na wazazi wake.

Wewe unayesoma haya, ukimwona mwenzako amepakwa, usimwite jina baya. Hakujinunulia chupa ile. Ukiwa mvulana na umeomba upakwe kwa sababu dada alipakwa, hujafanya aibu yoyote. Jibu lako ni lile lile la dada yako. Na mtu akikwambia mikono yako haijakamilika bila rangi, usimwamini. Mikono yenye kucha fupi, safi, zenye damu ya waridi chini yake imekamilika.

Akina mama, mashangazi na mashosho mnaowasomea watoto hadithi hii: wapeni beseni, brashi na muda wenu. Chupa zipandisheni juu, kabatini, mahali kiti cha mtoto hakifiki.

Nanyi watoto wakubwa, mara nyingi ninyi ndio mnaoachiwa wadogo wenu wazazi wakiwa shambani au sokoni. Mmejifunza leo kubonyeza na kuhesabu. Ukiona mdogo wako ana joto, anapumua kwa shida, na kucha zake zimepauka, au zimegeuka samawati, au damu inachelewa kurudi, usingoje jioni ifike na usiogope kuwasumbua watu. Mwite mtu mzima wakati huo huo, umwambie ulichokiona.